Rose Omamo, fundi wa magari aliyekuwa kiongozi wa sendika: makanisa yetu yajifunze nini?

Katika makusanyiko yetu ya kando ya ziwa, kutoka Makobola hadi Swima, Mboko na Baraka, kuna swali linalorudi kila mwaka shule zinapofunguliwa. Linarudi pia kila mara wauguzi wanapomaliza miezi bila mshahara. Swali ni hili: je, Mkristo anaweza kuingia katika sendika? Na la pili huulizwa kwa sauti ya chini zaidi, hasa na wamama baada ya ibada: je, mwanamke anaweza kuiongoza?

Wengine hujibu upesi kwamba sendika ni mambo ya dunia na uasi. Wengine husema ni kazi ya wanaume wa Kinshasa wenye kupenda siasa. Sisi tumeona ni vema kwanza tuelezane sendika ni kitu gani na inafanya kazi namna gani. Tutafanya hivyo kwa kufuata maisha ya mama mmoja wa Kenya, Rose Omamo.

Fundi kati ya wanaume

Mwaka 1988 Rose Omamo aliajiriwa kama fundi katika kiwanda cha kuunganisha magari nchini Kenya. Katika kiwanda cha namna hiyo gari huja likiwa vipande, na wafanyakazi huliunganisha mpaka liweze kuondoka lenyewe kwa magurudumu yake. Ni kazi ya spana, ya kulehemu, ya rangi na ya kunyanyua vitu vizito. Wakati ule wanawake katika kiwanda hicho walikuwa wawili tu, yeye na mwenzake mmoja.

Tufikirie maana yake. Mahali pa kazi palipojengwa kwa ajili ya wanaume, hata vyoo na nguo za kazi hufikiriwa kwa ajili ya wanaume. Zamu hupangwa bila kumkumbuka mwenye mtoto anayenyonya. Na wafanyakazi wanapoandika madai yao, huandika yale yanayowauma walio wengi. Wanawake wawili kati ya mamia ya wanaume hawana kura za kutosha kushinda chochote, wala si lazima wenzao wawe watu wabaya. Jambo lisilomuuma mtu huwa halimjii akilini.

Rose Omamo aliingia katika chama cha wafanyakazi wa vyuma, Amalgamated Union of Kenya Metal Workers, na akapanda ngazi. Aliongoza kamati ya wanawake ya COTU, shirikisho kuu la vyama vya wafanyakazi Kenya lililoundwa mwaka 1965. Katika chama chake akawa katibu mkuu. Kwa taratibu za vyama vya Kenya, katibu mkuu ndiye msemaji na mtendaji wa kwanza, yule anayeketi mbele ya waajiri na kutia sahihi. Mnamo Septemba 2021 mkutano mkuu wa IndustriALL ulimchagua kuwa mmoja wa makamu wa rais, akiwakilisha Afrika kusini mwa Sahara. IndustriALL ni shirikisho la dunia la wafanyakazi wa viwanda, migodi na nishati, lililozaliwa Copenhagen mwaka 2012, na wanachama wa vyama vyake huhesabiwa kwa makumi ya milioni.

Kutoka kwenye spana hadi kiti hicho ilikuwa safari ya miaka zaidi ya 30.

Ngazi za sendika

Watu wengi wa kwetu husikia jina la sendika siku ya mgomo tu. Kumbe mgomo ni sehemu ndogo sana ya kazi yake.

Ngazi ya kwanza ni mjumbe wa wafanyakazi pale pale kazini. Huyu huchaguliwa na wenzake. Akionewa mmoja, akikatwa mshahara bila sababu au akifukuzwa kwa hasira ya mkubwa, mjumbe ndiye huingia ofisini pamoja naye. Ngazi ya pili ni tawi, linalokusanya wafanyakazi wa eneo zima. Ngazi ya tatu ni taifa. Kiongozi aliyepita ngazi zote hizo huwa anajua jasho la kila moja, na ndiyo maana mtu aliyeshika spana ni vigumu kudanganywa anapoambiwa kwamba kazi ni nyepesi.

Nguvu ya chama hutoka mahali pawili. Pa kwanza ni hesabu ya watu. Katika sheria ya Kenya ya mwaka 2007, mwajiri analazimika kukitambua chama ambacho zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili wamejiunga nacho. Pa pili ni mchango. Kila mwanachama hukatwa kiasi kidogo cha mshahara, na fedha hiyo hulipa ofisi, safari na mawakili. Bila mchango, kiongozi hula kwa mwajiri, na anayekula kwa mwajiri atamtetea nani?

Tunda la kazi hiyo yote ni mkataba wa pamoja. Pande mbili huketi, huvutana, huandika, hutia sahihi, na nchini Kenya mkataba huo husajiliwa katika mahakama ya kazi. Tangu hapo yaliyoandikwa si ahadi ya mdomo tena. Hata mkubwa akibadilishwa, karatasi hubaki.

Jambo la uzazi

Tuchukue mfano mmoja tu, ili tuone kwa nini ni lazima mwanamke awepo mezani.

Wakati Rose Omamo anaanza kazi, sheria ya zamani ya Kenya ilimpa mama likizo ya uzazi ya miezi miwili yenye mshahara, lakini mwaka huo alipoteza likizo yake ya kawaida. Yaani mtoto alihesabiwa kama mapumziko! Sheria mpya ya mwaka 2007 iliongeza likizo ikawa miezi mitatu yenye mshahara kamili, ikaondoa adhabu ile ya kupoteza likizo ya mwaka, na ikampa baba wiki mbili. Badiliko hilo halikuletwa na mtu mmoja, na hatusemi hivyo. Lakini mambo kama hayo huingia katika madai pale tu anapokuwepo mtu wa kuyataja.

Na sisi je? Sheria yetu ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mama mfanyakazi wiki 14 mfululizo, na katika muda huo anastahili theluthi mbili za malipo yake. Ni wamama wangapi wanaofundisha na kuuguza katika Fizi wanaijua haki hiyo? Ni wangapi walirudi darasani mtoto akiwa na wiki tatu, kwa kuogopa kukuta mtu mwingine ameshika chaki yao? Sheria isiyojulikana ni kama mtumbwi uliofungwa ufukweni. Upo, lakini hauvushi mtu.

Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo lolote la kisheria linalomfunga. Kifungu hicho kilibadilishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Na Katiba yetu ya 18 Februari 2006 inatambua uhuru wa sendika katika kifungu cha 38 na haki ya kugoma katika kifungu cha 39. Kwa hiyo mama wa Swima anayeandika jina lake katika sendika haibi kitu cha mtu. Anatumia kilicho chake.

Hayuko peke yake

Tanzania, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, wanamkumbuka Margaret Sitta, aliyekuwa rais wa Chama cha Walimu Tanzania kabla ya kufanywa waziri wa elimu mwaka 2006. Aliyewasemea walimu mbele ya serikali akaenda kuketi upande wa pili wa meza ile ile.

Afrika Kusini yuko Myrtle Witbooi, aliyezaliwa mwaka 1947 huko Genadendal, kijiji kilichokua kutokana na misheni ya Wamoravia. Alikuwa mtumishi wa nyumbani wakati wa ubaguzi wa rangi. Aliposoma gazetini maneno ya kuwadharau watumishi kama yeye, aliandika barua ya kujibu, na kutokana na barua hiyo akaanza kuwakusanya wenzake. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva mkataba namba 189 juu ya watumishi wa nyumbani. Miaka miwili baadaye, watumishi hao waliunda shirikisho lao la dunia wakamchagua yeye kuwa rais wa kwanza. Alifariki Januari 2023. Wale wasichana wanaopika na kufua katika nyumba zetu za Baraka na Uvira, wengine wakiwa washiriki wa kwaya zetu, wana dada aliyewatangulia.

Je, sendika ni uasi?

Ndugu zetu wengi hudhani kwamba sendika ilizaliwa na watu wasiomjua Mungu. Historia inasema mengine.

Mwaka 1834, katika kijiji cha Tolpuddle, Uingereza, wakulima sita wa kibarua walihukumiwa miaka saba ya kupelekwa uhamishoni Australia. Malipo yao yalikuwa yameshushwa hadi shilingi saba kwa wiki, na walitishiwa kushushwa hadi sita. Wakaungana kwa kiapo, na kiapo hicho ndicho kikafanywa kosa lao. Watano kati yao walikuwa Wamethodisti, na kiongozi wao, George Loveless, alikuwa mhubiri wa mahali. Watu walipiga kelele nchi nzima mpaka wakasamehewa mwaka 1836. Wamethodisti wa Fizi, ambao wanajua kazi ya wahubiri wa mahali, wataelewa mtu wa namna hiyo alijifunzia wapi kusimama mbele ya watu, kutunza daftari la michango na kuongoza kikao kwa utaratibu. Alijifunzia kanisani.

Kwetu Kongo, mambo yalipitia damu. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walidai nyongeza ya mshahara, na makumi yao wakauawa kwa risasi. Mwaka 1946 tu ndipo wakoloni waliporuhusu Waafrika kuwa na sendika, tena chini ya macho ya wakubwa. Baada ya uhuru, mwaka 1967 sendika zote ziliunganishwa kuwa moja chini ya utawala wa chama kimoja, na kuanzia 1990 zikaruhusiwa tena kuwa nyingi. Haki tuliyo nayo leo ililipiwa.

Na Maandiko? Torati inakataza kulaza ujira wa kibarua mpaka asubuhi. Yakobo anaandika kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hiyo inafika masikioni mwa Bwana. Lakini kwa habari ya wanawake tunapenda kuwapeleka katika Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, yaani Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walikuwa wamefiwa na baba asiye na mwana wa kiume, na kwa desturi jina lake lingekosa shamba. Hawakunung'unika hemani. Walikwenda pamoja, wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakasema neno lao na sababu yake. Musa hakuwafukuza, wala hakuamua kwa kichwa chake. Alilipeleka neno lao kwa Bwana, na jibu likawa kwamba wale wanawake wana haki.

Tuangalie tena sura ya 36. Wakuu wa kabila lao walikuja na hofu yao: mabinti wakiolewa kabila jingine, shamba litahama. Hofu hiyo nayo ilisikilizwa, na ukapatikana utaratibu wa kulinda pande zote mbili. Na katika Yoshua 17 mabinti wale walirudi tena kudai kile walichoahidiwa, kwa kuwa ahadi ilikuwa haijatimizwa. Kudai pamoja, kwa adabu na kwa sababu, kusikiliza upande wa pili, kisha kufuatilia mpaka neno litendeke: kama hiyo si kazi ya mjumbe wa wafanyakazi, basi ni nini?

Hofu za kweli

Hatutaki kuficha yale yanayowafanya watu wema waiogope sendika. Yapo.

Wako viongozi wanaokula michango. Wako wanaochukua bahasha ya mwajiri usiku na kutangaza asubuhi kwamba mgomo umekwisha. Wako pia wanaotumia machozi ya walimu kama ngazi ya kwenda bungeni. Dawa yake ni ile ile tunayotumia kwa mweka hazina wa parokia: hesabu zisomwe mbele ya wote, na uchaguzi ufanyike kwa wakati wake.

Kisha kuna watoto na wagonjwa. Mwalimu akigoma, anayepoteza mwaka ni mtoto wa mkulima. Muuguzi akigoma, mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja. Sheria yetu yenyewe inataka ugomvi upitie kwanza mapatano na usuluhishi kabla ya mgomo. Mkristo hana sababu ya kuruka hatua hizo. Tena wenye kuugua hawaachwi, hata siku ya mgomo.

Lakini hofu hiyo tuipime pande zote. Mwalimu mwenye njaa naye huwapotezea watoto mwaka, polepole, bila mtu kutangaza mgomo. Siku hii yuko shambani kwenye mihogo, siku ile yuko ziwani akitafuta ndagala. Darasa liko wazi, mwalimu hayupo.

Kanisa likiwa mwajiri

Hapa ndipo jambo linatugusa wenyewe, wachungaji na wazee.

Tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, shule zetu za Kiprotestanti zinasimamiwa na kanisa lakini mshahara wa mwalimu hutoka kwa serikali. Mwalimu ana wakubwa wawili, na kila mmoja anaweza kumwonyesha mwenzake kidole. Elimu ya msingi ilipofanywa bure tangu Septemba 2019, mchango wa wazazi ulikoma. Tulimshukuru Mungu kwa ajili ya watoto. Lakini mwalimu ambaye jina lake halijaingia katika orodha ya malipo, yule tunayemwita N.U., alipoteza hata kile kidogo alichokuwa akipata. Wengi katika hao ni wamama na wajane waliorudi kutoka kambi za Tanzania, wenye diploma mkononi na watoto mgongoni.

Anapokuja mama huyo kuuliza juu ya haki yake, tumwambie nini? Kumwambia kwamba anamtumikia Mungu na thawabu yake iko mbinguni ni kutumia Neno kufunga kinywa cha mwenye kudai. Yesu mwenyewe alisema kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake, naye alikuwa akizungumza habari za kazi ya Injili.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa makanisa ya Fizi.

La kwanza, kila shule na kila kituo cha afya kilicho chini yetu kiwaache wafanyakazi wachague wajumbe wao bila kuwatisha, na kati ya wajumbe hao awepo mwanamke aliyechaguliwa, si aliyeteuliwa kupamba orodha.

La pili, vifungu vya sheria juu ya uzazi, malipo na kufukuzwa kazi visomwe kwa Kiswahili katika vikundi vya wamama. Saa moja inatosha kuanza.

La tatu, wamama wetu wanajua tayari kuendesha MUSO. Wanakusanya franka kila juma, wanaandika, wanakopeshana, wanamkemea anayechelewa. Hiyo ni shule ya uongozi, na tuitambue hivyo. Anayetunza sanduku lenye funguo tatu bila senti kupotea anaweza kutunza mchango wa sendika.

La nne, mchungaji asikubali kutumwa na mwajiri kwenda kuwatuliza wafanyakazi kabla ya kusikia wafanyakazi wenyewe. Musa alisikiliza kwanza.

Rose Omamo alianza akiwa mmoja wa wanawake wawili. Huko Swima yuko pengine msichana anayejifunza leo kutengeneza pikipiki au mota ya mtumbwi, na wanaume wakimcheka. Yuko mwalimu wa darasa la kwanza anayemaliza mwaka wa tano bila kulipwa. Hatujui Mungu atawafikisha wapi. Tunajua kwamba watakuja kusimama mlangoni petu na neno lao, na kwamba siku hiyo mlango unapaswa kuwa wazi.

Bwana awabariki wote wanaofanya kazi kwa mikono yao.